Springi za kushusha gari la spoti: mwongozo kamili wa kuchagua seti inayolifaa gari lako

Wanaoshusha gari la spoti kwa mara ya kwanza hukwama palepale. Mtu anaona pengo kubwa kati ya tairi na madigadi, anatafuta springi zilizoandikwa milimita 40, anazifunga juu ya shokapu zilezile za kiwandani, na picha ya kwanza inampendeza kweli. Wiki chache baadaye gari linagota kwenye kila tuta, linadunda barabara ikiwa na mawimbi, na tairi za mbele zimeanza kuliwa upande wa ndani. Lawama zote zinaiangukia springi.

Mara nyingi springi haina kosa. Imechaguliwa kwa kuangalia pengo la nje, ilhali kinachoamua ni nafasi iliyobaki ndani, yaani umbali ambao tairi linaweza kupanda kabla shokapu haijagota. Kwa hiyo hapa tunaanza na kupima. Ukishajua gari lako linaweza kushuka kiasi gani, ndipo unafungua katalogi.

## Vitu vya kuandaa

Kwa kupima na kuchagua:

- tepu ya kupimia yenye milimita, daftari na kalamu
- kipimo cha upepo wa tairi
- tochi
- vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya, viwili au vinne
- kipande cha kadibodi ngumu na gundi ya utepe
- sakafu iliyosawazika, na ikiwezekana shimo la gereji au lifti inayobeba gari kwa tairi zake
- namba ya chasisi, jina kamili la modeli, na uzito wa kila ekseli kama ulivyoandikwa kwenye kibandiko cha gari

Kwa kufunga, wewe au fundi wako mtahitaji jeki na stendi imara, kifaa kizuri cha kubana springi, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), nati mpya za juu ya shokapu, na mauntingi (vishikizo vya juu vya shokapu), stopa na mipira ya vumbi mipya kama ya zamani imechoka. Weka miadi ya alaimenti, yaani kurekebisha pembe na mwelekeo wa tairi, kabla hujafungua nati ya kwanza. Gari lililoshushwa halifai kutembea wiki nzima bila alaimenti.

## Hatua ya 1: Hakikisha gari ni zima

Bushi zilizochanika, boljointi zenye mchezo na shokapu inayovuja huonekana zaidi gari likishuka, kwa sababu springi ngumu inapeleka mshtuko mkubwa zaidi kwenye viungo hivyo. Zitengeneze kwanza.

Angalia pia springi zilizopo sasa. Springi iliyochoka huwa imeshalishusha gari, na ukifunga seti ya mm 25 utaona limeshuka mm 15 tu. Namba iliyo kwenye boksi huhesabiwa kutoka kwenye springi ya kawaida ikiwa mpya. Na kama gari lako lilitoka kiwandani na sasipensheni ya spoti, ambayo tayari iko chini kuliko ile ya kawaida, tofauti hiyo nayo inapungua kwenye namba ya boksi. Watu wengi hudhani wametapeliwa, kumbe walianza kupima kutoka mahali tofauti na alipoanzia mtengenezaji.

## Hatua ya 2: Pima urefu wa sasa kwenye kona zote nne

Weka upepo sawa kwenye tairi, toa mizigo, tangi liwe nusu. Sogeza gari mbele mita chache kisha ubonyeze kila kona kwa mikono ili lijikalie.

Pima kutoka katikati ya rimu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi. Usipime kutoka ardhini, kwa kuwa kipimo cha ardhini hubadilika upepo ukipungua au tairi likiisha, na siku ukibadilisha rimu hutaweza kulinganisha tena.

Ukimaliza uwe na namba nne zilizoandikwa na tarehe yake. Kushoto na kulia zikipishana kwa milimita chache, ni kawaida. Zikipishana kwa zaidi ya mm 10, tafuta sababu kabla ya kununua chochote, maana springi mpya hazitanyoosha mkono wa sasipensheni uliopinda wala kutengeneza kikalio cha springi kilichooza.

## Hatua ya 3: Pima nafasi ya kupanda

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua mengine yote.

Ndani ya mpira wa vumbi, kwenye fimbo ya shokapu, kuna stopa. Ni kipande cha povu gumu kinachozuia chuma kisigonge chuma tairi likipanda hadi mwisho. Unataka kujua, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kuna umbali gani kati ya ncha ya chini ya stopa na kichwa cha shokapu.

Pima gari likiwa limesimama kwa tairi zake. Ukilinyanyua, shokapu inanyooka hadi mwisho na namba utakayopata haina maana. Juu ya shimo au lifti ya aina niliyotaja kazi ni rahisi. Bila hivyo, geuza usukani hadi mwisho ili uingize mkono na tochi kwenye shokapu ya mbele, pandisha mpira wa vumbi, upime. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Chukua umbali huo, ongeza nusu ya urefu wa stopa yenyewe. Stopa za povu la poliyurethani hubanana zaidi ya nusu ya urefu wake, kwa hiyo kuhesabu nusu kunakuachia akiba. Tuseme umbali ni mm 40 na stopa ina urefu wa mm 60. Nafasi yako ya kupanda ni 40 + 30, yaani mm 70.

Mambo mawili ya kuangalia hapa. Kwanza, magari mengi ya kisasa ya spoti hugusa stopa mapema kwa makusudi. Stopa imehesabiwa na wahandisi kama springi ya pili. Usishtuke ukikuta umbali wa mm 20 tu. Shtuka ukikuta hakuna kitu. Pili, baadhi ya shokapu za kupinduliwa (zilizofungwa juu chini) zimeficha stopa ndani ya bomba, na kwa hizo utahitaji vipimo vya mtengenezaji.

Nyuma kuna hesabu ya ziada. Kwenye magari mengi springi na shokapu za nyuma zimekaa ndani zaidi kuliko tairi, hivyo shokapu inasogea kidogo kuliko tairi linavyosogea. Ikiwa shokapu inasogea mm 7 kwa kila mm 10 za tairi, basi mm 35 kwenye shokapu ni mm 50 kwenye tairi. Uwiano huu utaukuta tena kwenye Hatua ya 5.

Sasa funga kikamba cha plastiki kwenye fimbo ya shokapu, kibane kiasi cha kusukumika bila kuteleza chenyewe, na ukishushe hadi kiguse kichwa cha shokapu. Endesha kwenye barabara zako za kila siku, ukiwa na abiria na mizigo unayobeba kwa kawaida. Ukirudi, kikamba kitakuwa kimesukumwa juu na kubaki pale shokapu ilipofika mwisho wa safari yake. Umbali kutoka kikamba hadi kichwa cha shokapu ndio sehemu ya nafasi unayoitumia kweli.

Umefaulu ikiwa una namba mbili kwa mbele na mbili kwa nyuma, yaani nafasi iliyopo na nafasi inayotumika.

## Hatua ya 4: Amua gari lishuke kiasi gani

Uwezo wa springi kumeza mshtuko unategemea ugumu wake, ukizidishwa kwa mraba wa nafasi ya kupanda. Neno mraba ndilo lenye uzito, kwa sababu nafasi ikipungua kidogo, uwezo unapungua sana.

Chukua gari letu la mm 70 na springi mpya yenye ugumu uliozidi wa zamani kwa robo:

- Likishuka mm 15, zinabaki 55. Uwezo ni asilimia 77 ya awali.
- Likishuka mm 25, zinabaki 45. Uwezo ni asilimia 52.
- Likishuka mm 40, zinabaki 30. Uwezo ni asilimia 23.

Kilichobaki kinabebwa na shokapu na stopa. Kwa mm 15 hutahisi tofauti kubwa. Kwa mm 25 utaigusa stopa mara kwa mara, na ikiwa ni stopa nzuri gari bado linaendesheka vizuri. Kwa mm 40 gari linatembea juu ya stopa karibu muda wote. Ukiingia kona kwa kasi na kukuta kibonde, upande mmoja unakuwa mgumu ghafla na tairi linapoteza mshiko pale unapouhitaji. Hiyo ni hatari, na ndiyo sababu nasisitiza vipimo hivi.

Ili kurudisha uwezo wote baada ya kushuka mm 40, springi ingepaswa kuwa ngumu zaidi ya mara tano. Hakuna seti ya barabarani inayokaribia hapo.

Ushauri wangu kwa gari linaloendeshwa kila siku: bakiza angalau mm 45 za nafasi mbele na mm 50 nyuma. Nyuma ndiko abiria na mizigo vinakoongezeka. Kwa magari mengi ya spoti hesabu hiyo huangukia kati ya mm 15 na mm 25, na hapo gari linapendeza. Kama kikamba chako kilionyesha kwamba tayari unatumia nafasi yote, tatua hilo kwanza kwa shokapu bora, halafu urudi kwenye kushusha.

### Unapata nini kwenye uendeshaji

Uzito unaohamia tairi za nje kwenye kona unalingana na kimo cha kitovu cha uzito. Kitovu kikiwa mm 500 juu ya ardhi na ukikishusha mm 25, uhamisho huo unapungua kwa asilimia 5. Ni faida ya kweli, lakini ndogo. Sehemu kubwa ya utulivu utakaohisi inatoka kwenye ugumu ulioongezeka.

Magari yenye mbele ya aina ya MacPherson, ambapo tairi linashikwa na shokapu yenyewe juu na mkono mmoja chini, kama Toyota GR86 na Subaru BRZ, yana jambo jingine. Yakishuka, mikono ya chini inalala au kuelekea juu kwa nje, na kitovu ambacho bodi inalala kukizunguka kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito. Ukizidisha kushusha bila kuongeza ugumu, bodi inaweza kulala zaidi kwenye kona kuliko awali. Magari yenye wishiboni mbili mbele, yaani mkono wa juu na wa chini, kama Mazda MX-5, hayaathiriki hivyo kwa kiwango kilekile.

### Jaribu macho na bampa kabla ya pesa

Piga picha gari kwa ubavu, kamera ikiwa usawa wa katikati ya rimu na umbali wa mita kadhaa. Kwenye programu yoyote ya kuhariri picha, kata bodi na uishushe kwa kipimo ulichoamua, ukitumia kipenyo cha rimu kama rula. Utashangaa jinsi mm 20 zinavyotosha machoni.

Kisha bandika chini ya bampa ya mbele kadibodi inayoning'inia kwa kiasi kilekile cha kushuka. Endesha hivyo wiki moja kwenye njia zako, ukiingia maegesho na kupanda miteremko unayoizoea. Kadibodi ikichanika, sasa unajua ni wapi bampa itakwaruza.

Na jambo la rimu liamuliwe kabla ya springi. Mara nyingi kinachomkera mtu siyo kimo. Ni rimu zilizozama ndani ya madigadi. Rimu zilizokaa nje kidogo, ndani ya ukingo wa madigadi, hubadilisha mkao kuliko mm 10 za kushuka, na hazili nafasi ya kupanda. Tena, upana na ofseti ya rimu (inayoamua rimu ikae ndani au nje kiasi gani) ndivyo vitakavyoamua kama tairi litakwaruza likipanda. Ukinunua springi kwanza na rimu baadaye, utarudia kazi.

Mwisho, amua mbele na nyuma kila moja peke yake. Magari mengi hutoka kiwandani na pengo kubwa zaidi mbele, kwa hiyo seti inayoshusha mbele mm 5 au 10 zaidi ya nyuma husawazisha mkao. Gari lililolala nyuma kuliko mbele huonekana limebeba mzigo, na taa zake huwapiga wengine machoni.

## Hatua ya 5: Soma namba za springi

Sasa fungua katalogi. Tafuta seti ambayo kushuka kwake hakuzidi namba ulizopata, halafu usome ugumu.

Vipimo vya ugumu. Watengenezaji hutumia uniti tofauti. kg/mm moja, yaani kilo moja kwa kila milimita springi inayobanwa, ni takriban N/mm 9.8, au pauni 56 kwa inchi. Springi ya kg/mm 3 ni sawa na N/mm 29 hivi, au pauni 168 kwa inchi. Badilisha zote ziwe uniti moja kabla ya kulinganisha. Ulinganishe pia na springi ya kiwandani, maana neno "ngumu" peke yake halina kipimo.

Mbele na nyuma hazilinganishwi moja kwa moja. Ugumu unaofika kwenye tairi ni ugumu wa springi ukizidishwa kwa mraba wa ule uwiano wa Hatua ya 3. Uwiano ukiwa 0.7, tairi linahisi asilimia 49 tu ya ugumu wa springi. Ndiyo maana springi ya nyuma inaweza kuandikwa namba kubwa karibu maradufu ya mbele bila gari kuwa gumu nyuma. Kwa sababu hiyohiyo, springi iliyofupishwa mm 20 mahali hapo inashusha tairi karibu mm 29.

Ugumu usiobadilika au unaopanda. Springi yenye ugumu mmoja hujibu vilevile mwanzo hadi mwisho, na dereva anaizoea upesi. Ile ya ugumu unaopanda ina mizunguko iliyosongamana upande mmoja. Huwa laini kwenye vibonde vidogo na ngumu ikibanwa zaidi. Kwa gari linaloshuka kidogo na kuendeshwa kila siku, zote mbili zinafaa. Muulize muuzaji namba mbili za ile inayopanda, ugumu wa mwanzo na ugumu wa mwisho. Akikupa moja tu, hujajua unachonunua.

Usichanganye seti. Mbele ya seti hii na nyuma ya seti ile huvunja uwiano uliohesabiwa. Tofauti ndogo hubadilisha tabia ya gari. GR86 na BRZ ni gari moja kwa umbo, lakini zilitoka kiwandani na springi za ugumu tofauti, na dereva makini anaihisi tofauti hiyo kwenye kona.

Linganisha uzito wa ekseli. Modeli yenye paa la kufunguka, gia otomatiki au mwendo wa tairi zote nne ina uzito tofauti na ndugu yake mwepesi. Namba ya seti lazima itaje toleo lako. Hapa ndipo namba ya chasisi inapohitajika.

Watengenezaji wakubwa kama Eibach na H&R wa Ujerumani huwa na zaidi ya daraja moja kwa gari moja. Eibach, kwa mfano, huuza Pro-Kit kwa wanaotaka kushuka kwa wastani na Sportline kwa wanaotaka kwenda chini zaidi. Usichague daraja kwa jina. Chagua kwa nafasi uliyopima.

### Springi za kukatwa na kuchomwa

Kataa kabisa. Ukikata mzunguko mmoja kati ya sita inayofanya kazi, ugumu unaongezeka kwa asilimia 20 bila hesabu yoyote ya shokapu, na ncha iliyokatwa haikai kwenye kikalio. Gari likinyanyuka kwenye tuta, springi inaweza kutoka mahali pake. Kuchoma springi kwa moto ili ilegee kunaharibu ugumu wa chuma chenyewe, na chuma hicho kinaendelea kulegea au kuvunjika. Springi ya kushusha iliyotengenezwa vizuri hubaki imeshikwa kwenye vikalio vyake hata tairi likining'inia, na hilo liwe swali lako la kwanza kwa muuzaji wa seti usiyoifahamu.

## Hatua ya 6: Amua kuhusu shokapu

Springi ngumu hurudisha nguvu zaidi inapofunguka, na shokapu ndiyo inayoizuia. Ugumu ukiongezeka kwa robo, shokapu inahitaji kuzuia kwa asilimia 12 zaidi ili gari litulie kama zamani. Ugumu ukiongezeka kwa nusu, inahitaji asilimia 22. Shokapu nzima ya gari la spoti huwa na akiba ya kutosha kwa ile ya kwanza. Iliyotembea kilomita nyingi haina, na huko ndiko kunakotoka kudunda.

Kwa hiyo:

- Kushuka hadi mm 20 au 25, shokapu zikiwa nzima: zinaweza kubaki.
- Zaidi ya hapo, au zikiwa zimechoka: nunua shokapu zilizofupishwa kwa ajili ya springi fupi. Kwa Bilstein, B6 ni ya gari lenye kimo cha kiwandani na B8 ni fupi, ya gari lililoshushwa. Watu huzichanganya hizo mbili kila mara.
- Gari lenye shokapu za kielektroniki: tumia seti inayotaja wazi kwamba inafaa mfumo huo.

Ukiona bei ya springi na shokapu kwa pamoja inakaribia ya koiliova nzuri (springi na shokapu zilizounganishwa, zinazorekebishwa kimo kwa kuzungusha pete), na unataka kwenda uwanja wa mbio, fikiria koiliova. Kwa barabarani tu, springi nzuri na shokapu zinazolingana nazo bado ndizo ninazopendekeza. Zimeshahesabiwa pamoja, na hakuna mtu atakayezikosea kwa kuzungusha pete.

## Hatua ya 7: Karatasi, bima na sensa

Soma sheria ya nchi yako kuhusu mabadiliko ya sasipensheni, na iambie kampuni ya bima kwa maandishi. Seti nyingi za Ujerumani huja na cheti cha TÜV (mashirika ya ukaguzi ya Ujerumani) kinachotaja modeli na uzito wa ekseli; kihifadhi.

Gari lenye kamera ya mbele, rada au sensa za kimo cha taa linaweza kuhitaji kusawazishwa upya. Uliza kabla, maana gharama yake ni sehemu ya bei ya springi.

## Hatua ya 8: Kufunga, na mahali pa kuwa macho

Sitaeleza kila nati, kwa sababu kila modeli ina kitabu chake cha ufundi. Haya ndiyo yanayoharibu kazi nzuri.

Springi iliyobanwa inaweza kuua. Kifaa cha kubania kiwe kizima, kikae pande mbili zinazotazamana, kikazwe kwa mkono na kwa zamu, bila spana ya umeme wala ya upepo. Usisimame mbele ya ncha ya springi.

Jaribu nafasi kabla ya kurudisha springi. Unganisha shokapu na stopa yake bila springi, funga tairi, pandisha mkono kwa jeki hadi stopa ibanane, halafu geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Hapo unaona kwa macho kama tairi litagusa madigadi, na bado una muda wa kubadilisha mpango. Mafundi wengi huruka jambo hili kwa sababu linaongeza saa moja. Lisisitize.

Stopa. Ikate tu kama maelekezo ya seti yanasema ukate, na kwa kipimo kilichotajwa.

Kukaza bushi. Bolti za mikono yenye bushi za mpira zikazwe kwa toki ya mwisho gari likiwa limekaa kwa uzito wake, kwenye kimo kipya. Ukizikaza tairi zikining'inia, mpira unabaki umejisokota muda wote, unachanika mapema, na gari linakaa juu kuliko ilivyotakiwa.

Kazi imekwenda vizuri ikiwa ncha za springi zimekaa kwenye vikalio, usukani unageuka bila mlio wa chuma juu ya shokapu, na vipimo vya kona nne viko karibu na namba uliyokusudia.

## Hatua ya 9: Alaimenti na uhakiki

Gari likishuka, tairi huegemea ndani kwa juu na pembe za tairodi hubadilika, hivyo tairi huanza kutazama ndani au nje. Watu hulaumu kule kuegemea, ilhali mlaji mkubwa wa tairi ni mwelekeo uliokosewa. Tairi lililoegemea digrii moja na nusu linaweza kudumu vizuri likielekezwa sawasawa. Mwambie fundi wa alaimenti atilie mkazo mwelekeo, nyuma kisha mbele, na akupe karatasi ya kabla na ya baada.

Kama kuegemea kumezidi mipaka ya gari na hakuna sehemu ya kurekebisha, kuna bolti maalumu na mikono inayorekebishika kwa modeli nyingi. Kama upande mmoja unapishana sana na mwingine, tafuta kitu kilichopinda.

Kwa wiki mbili za kwanza springi mpya hujikalia na gari linaweza kushuka milimita chache zaidi. Rudisha kikamba cha plastiki kwenye fimbo ya shokapu na uendeshe njia zilezile. Kikifika kwenye stopa mara mojamoja kwenye kibonde kikubwa, uko sawa. Kikikutwa kimebanwa juu kabisa kila siku, umeshuka kupita nafasi yako, na dawa ni seti ya juu zaidi, si stopa iliyokatwa.

Baada ya kilomita 1,000 hivi pima tena kona nne kwa utaratibu wa Hatua ya 2, pitisha mkono kwenye kashata za tairi upande wa ndani, kagua mwelekeo upya na usawazishe taa. Kona moja ikiwa imeshuka mm 5 au zaidi kuliko mwenzake, wakati zilianza sawa, springi au mauntingi haijakaa kwenye kikalio chake. Ifungueni kona hiyo kwanza kabla ya kumrudia muuzaji.